Kumtafutia Mtoto wa Shambani Karo ya Shule ya Bweni: Mwongozo kwa Ndugu Aliye Mombasa

Shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, simu za watu wengi wanaofanya kazi Mombasa huanza kuita kutoka Kinango, Ganze, Kaloleni, Lunga Lunga na kwingineko katika kaunti za Kwale na Kilifi: mtoto ameitwa shule ya bweni, barua imefika, na nyumbani hakuna kitu. Aliye mjini hutuma alichonacho, elfu moja au elfu mbili, kisha hubaki na uchungu wa kujua kwamba kiasi hicho hakitoshi hata godoro. Nimemwandikia mtu huyo mwongozo huu kwa sababu nimekuwa katika nafasi yake kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba msaada wake mkubwa mara nyingi ni kushughulikia karatasi. Mzazi aliye shambani anaweza kumaliza nauli ya siku mbili akitafuta nakala ya cheti, ilhali wewe unapita mbele ya duka la kutolea nakala kila asubuhi. Yeye huenda asisikie tangazo la ufadhili hadi muda wake umepita, ilhali wewe unaliona kwenye simu au kwenye ubao wa tawi la benki.

Kabla ya hatua yoyote, naomba jambo moja lieleweke. Basari, yaani msaada wa kulipia karo, haifiki siku ya kufungua shule. Hutangazwa, hujadiliwa na kamati, husubiri fedha kutoka Hazina Kuu, na hundi huweza kufika shuleni muhula wa pili umeshaanza. Tena ni nadra basari moja kulipa karo yote. Kwa hiyo mpango wa familia unafaa uwe na mafungu mawili tangu mwanzo: fedha za mkononi za kumwingiza mtoto shuleni, na fedha za basari za kumbakisha huko. Familia nyingi nilizozisaidia zilikwama pale zilipolingoja fungu la pili lifanye kazi ya fungu la kwanza.

Hatua ya kwanza: Ijueni karo yenyewe

Usianze kwa kuomba, anza kwa kuhesabu. Iambie familia ikutumie picha ya barua ya kujiunga na shule pamoja na mchanganuo wa karo, uusome kurasa zote. Katika shule za umma, viwango vya juu vilivyowekwa na Wizara ya Elimu kwa wanafunzi wa bweni vimekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka katika shule za kitaifa na zile kubwa zilizo mijini, Mombasa ikiwamo, na shilingi 40,535 katika shule nyingine za bweni. Hicho ndicho kiasi kinachobaki kwa mzazi baada ya serikali kubeba gharama ya masomo, ambayo tangu mwaka 2018 ilipangiwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kwa hiyo anacholipia mzazi hasa ni chakula na malazi ya mwanawe, na ndiyo maana shule hushindwa kumvumilia mwenye deni kwa muda mrefu, maana jikoni hakungoji.

Karo hiyo hugawanywa katika mihula mitatu kwa uwiano wa asilimia 50, 30 na 20. Ukichukua shule ya shilingi 40,535, muhula wa kwanza hudai shilingi 20,267 na senti 50, wa pili 12,160 na senti 50, na wa tatu 8,107. Kwa shule ya shilingi 53,554, muhula wa kwanza peke yake ni shilingi 26,777. Tazama namna mzigo ulivyolalia Januari, mwezi ambao mjini watu wametoka kwenye matumizi ya Desemba na shambani ghala zinaanza kupungua. Ziandike hesabu hizo tatu kwenye karatasi moja, kila muhula na tarehe yake, na uhakikishe kwamba baba, mama na mtoto mwenyewe wameziona.

Pembeni ya karo kuna gharama za kuingia ambazo basari nyingi hazizilipi: sare, viatu, godoro, blanketi, shuka, chandarua, ndoo, sanduku la bati na kufuli lake, vitabu, nauli, na akiba ndogo ya mtoto. Hapa ndugu wa mjini anaweza kuokoa fedha nyingi kwa kununua kwa utulivu mwezi mmoja kabla, bila kukimbizana na umati wa wiki ya mwisho. Mwaka tuliompeleka mpwa wangu shuleni, shuka na blanketi tulizitoa soko la Kongowea, sanduku tukalichukua kwa fundi wa bati aliyelitengeneza mbele ya macho yetu, na tulipofika Likoni tukavuka kwa miguu, kwa kuwa mtembea kwa miguu halipi kwenye kivuko. Yeye alishika mkono mmoja wa sanduku nami nikashika wa pili, ndoo ikiwa imejazwa sabuni na madaftari. Vitu vyote vilipatikana kwa pungufu ya bei tuliyokuwa tumetajiwa na mtu aliyejitolea kutuuzia “furushi zima la shule”. Uliza tu mapema ni nguo zipi lazima zichukuliwe shuleni, kwa sababu sare yenye rangi iliyokosewa hulipiwa mara mbili.

Ukiona mchango wowote usio ndani ya mchanganuo wa karo, uliza kwa heshima kama umeidhinishwa na Wizara, na usiulipe bila risiti.

Hatua ya pili: Tengeneza faili moja, na lisitoke mkononi mwako

Nunua faili la plastiki lenye kifungo. Ndani yake weka nakala tatu tatu za kila karatasi, na picha safi ya kila moja kwenye simu. Karatasi zinazotakiwa karibu kila mahali ni hizi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vitambulisho vya wazazi au mlezi, matokeo ya mtihani au ripoti ya muhula uliopita, barua ya kujiunga na shule, mchanganuo wa karo wenye muhuri, na barua ya chifu au naibu wake inayoeleza hali ya familia. Aliyefiwa na mzazi aongeze cheti cha kifo, au kibali cha mazishi ikiwa cheti bado hakijatoka. Mwenye ulemavu, awe mtoto au mzazi, aongeze kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Anayeendelea na masomo aombe shuleni taarifa ya salio la karo. Fomu nyingi pia huwa na nafasi ya imamu au mchungaji kutia sahihi, na ni vyema kiongozi huyo awe anaijua familia kweli, kwa kuwa kamati humpigia simu.

Hapa nakaa kidogo kwenye suala la majina, kwa maana ndilo linalowaangusha watoto wengi wa Pwani. Mtoto wa Kimijikenda anaweza kuwa na jina la ukoo analoitwa nyumbani, jina la dini aliloandikishwa shuleni, na mpangilio mwingine kabisa kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwenye cheti ameandikwa Mwanajuma, kwenye matokeo ni Mwana Juma. Baba ni Athuman kwenye kitambulisho na Athman kwenye fomu. Kwa jirani hiyo ni herufi tu. Kwa karani anayepitia mamia ya fomu kwa siku mbili, hao ni watu wawili, na fomu huwekwa kando bila mtu kupigiwa simu. Zipange karatasi zote mezani, usome majina herufi kwa herufi. Palipo na tofauti ndogo, hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya wakili au mahakamani huweza kutosha. Palipo na kosa kubwa kwenye cheti cha kuzaliwa, anza kulisahihisha mara moja, maana kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Ikiwa mtoto hana cheti kabisa, maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na aliye Mombasa anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre, kituo cha huduma hizo kilicho kwenye jengo la Posta.

Barua ya chifu nayo ina adabu yake. Mzazi aende mwenyewe, afuatane na mzee wa kijiji anayeifahamu boma lao, na aeleze hali bila kuificha wala kuipamba. Nakumbuka nikiwa na shemeji yangu, babake yule mpwa wangu, mbele ya naibu wa chifu. Shemeji aliona haya kusema kwamba ng'ombe wake wanne walikufa kwa ukame, akasema tu “hali si mbaya sana, mzee.” Naibu wa chifu akaweka kalamu chini, akamwambia: “Baba, nikiandika hali si mbaya, nani atampa mtoto wako? Niambie yaliyokupata.” Ndipo akaeleza, na barua ikaandikwa yenye mambo ya kushikika: ng'ombe waliokufa, watoto wangapi nyumbani, nani mwingine yuko shuleni, na kipato cha familia kinatoka wapi. Barua ya namna hiyo ina uzito kuliko ile inayosema tu kwamba familia ni maskini.

Hatua ya tatu: Jua mlango ulio wenu

Basari za umma hufuata mahali familia inapotambuliwa, na hili ndilo swali ambalo watu wa mjini hulikosea. Mombasa ina maeneobunge sita, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na wengi hudhani kwamba kwa kuwa wao wanaishi Kisauni basi mtoto wa ndugu yao wa Ganze ataombewa Kisauni. Kamati kwa kawaida huangalia mzazi au mlezi ni mkazi wa wapi na amejiandikisha wapi kupiga kura. Mtoto akiwa analelewa na wazazi Ganze, mwombeeni Ganze. Akiwa amehamia kwako na unamlea kweli, basi wewe ndiye mlezi, na karatasi zako ndizo zitakazotumika. Kumwombea sehemu mbili kwa maelezo yanayopingana ni kumharibia kote.

Mlango wa kwanza ni Mfuko wa Maendeleo wa Maeneobunge, NG-CDF, ulioanza mwaka 2003. Fomu zake hutolewa bure kwenye ofisi ya eneobunge na mara nyingi kwa machifu. Mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya mfuko huo inakiuka Katiba, ikaupa muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Ndiyo sababu nawasihi wazazi wasiuegemee mlango huo peke yake, na waulize ofisini hali ilivyo kabla ya kuupangia mwaka mzima.

Mlango wa pili ni serikali ya kaunti. Kilifi ina mfuko wa ufadhili unaosimamiwa kwa wadi, na Kwale ina mpango wa Elimu ni Sasa, ambao umewalipia karo vijana wengi walioitwa shule za kitaifa. Taarifa za karibu zaidi ziko kwa mwakilishi wadi na msimamizi wa wadi. Elimu ya sekondari, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni jukumu la serikali ya kitaifa, na mapema mwaka 2025 agizo la Msimamizi wa Bajeti kuhusu kaunti kulipa basari lilizua mvutano uliofika mahakamani. Mivutano ya aina hiyo huchelewesha fedha, kwa hiyo basari ya kaunti ihesabiwe kuwa msaada wa muhula wa pili au wa tatu.

Mlango wa tatu ni wakfu za mashirika, na huu ndio wenye ufadhili kamili. Mpango wa Wings to Fly, unaoendeshwa na Equity Group Foundation tangu mwaka 2010 kwa ushirikiano na Mastercard Foundation, umekuwa ukilipa karo, sare, vitabu, nauli na fedha za matumizi kwa watoto werevu wa familia zisizojiweza. Jomo Kenyatta Foundation, KCB Foundation na Co-operative Bank Foundation nazo zimekuwa na nafasi zao. Kwa kuwa wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za sekondari ya juu Januari 2026, badala ya Kidato cha Kwanza tulichokizoea, soma kila tangazo upya ujue linamlenga nani, linataka alama zipi, na linafungwa tarehe gani. Matangazo haya hutoka karibu na kutolewa kwa matokeo na hufungwa baada ya siku chache, hivyo aliye mjini apite kwenye tawi la benki kila wiki katika kipindi hicho. Wasimamizi huweza kuitembelea familia nyumbani bila taarifa ndefu. Familia isihamishe mbuzi wala kuficha pikipiki ya kaka; waonyeshe kilichopo na waeleze kinavyotumika.

Kwa mayatima na watoto walio katika hali ngumu, uliza pia basari ya Rais inayosimamiwa na idara ya huduma za watoto, kupitia afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kwa wenye ulemavu, Baraza nililolitaja lina msaada wake wa masomo. Milango hii miwili hutumiwa na wachache kwa sababu haipigiwi kelele.

Mlango wa mwisho ni wa dini, na Mombasa ni mji wenye mikono mingi ya heri. Kamati za misikiti hugawa zaka na sadaka, na familia isiyojiweza ni miongoni mwa wanaostahiki. Makanisa nayo yana mifuko ya kusaidia wanafunzi. Nenda na nakala ya faili lako, onyesha salio kamili, na uombe fedha zipelekwe shuleni moja kwa moja. Aliyeombwa shilingi 8,107 za muhula wa tatu, na akaonyeshwa nambari ya akaunti ya shule, huitikia upesi kuliko aliyeambiwa tu kwamba kuna mtoto anayetaka kusoma.

Hatua ya nne: Jaza fomu kana kwamba msomaji ana dakika moja

Andika kwa kalamu nyeusi au ya bluu, herufi zinazosomeka. Jina la shule liandikwe lote, pamoja na kaunti iliko, anwani yake, na nambari ya usajili wa mwanafunzi. Mahali panapouliza sababu ya kuomba, andika sentensi nne au tano zenye ukweli wa familia hiyo peke yake. Usiache nafasi tupu. Kama jambo halikuhusu, andika hivyo. Kabla ya kuikabidhi, ipige picha fomu nzima kila ukurasa, na unapoikabidhi, iingizwe kwenye daftari la ofisi na uandike tarehe na jina la aliyeipokea.

Fomu ya basari ya umma haiuzwi. Yeyote anayedai “kitu kidogo” ili fomu ipite, au anayejitangaza kuwa anajuana na kamati, msimpe hata shilingi.

Hatua ya tano: Fedha za Januari zitoke wapi

Hili ndilo fungu la kwanza, lile ambalo basari haitaliwahi, na linahitaji kuanza kupangwa mtoto akiwa bado darasani, mwaka mzima kabla.

Chama ndicho chombo ninachokiamini zaidi. Chukua kikundi cha watu kumi wanaotoa shilingi 2,000 kila mwezi: zamu ya kila mmoja ni shilingi 20,000, karibu sawasawa na karo ya muhula wa kwanza katika shule ya shilingi 40,535 kwa mwaka. Ombi la kufanya kwenye kikao ni dogo lakini lina faida kubwa, nalo ni kupewa zamu ya Desemba au Januari. Wanachama wasio na watoto wa shule kwa kawaida hawajali kubadilishana, mradi waombwe mapema na si mwezi wenyewe ukiwa umefika. Ndugu watano wanaofanya kazi Changamwe, Magongo na Mishomoroni wanaweza kuunda chama chao kwa ajili ya watoto wa boma moja, na fedha zikatoka kwa utaratibu badala ya kila mmoja kupigiwa simu usiku.

Aliye na SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, aangalie mkopo wa karo. SACCO nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, kwa wadhamini, na riba yake ni nafuu kuliko ya mikopo ya simu. Mikopo ya simu ina tarehe fupi za kulipa, na karo ni jambo la miaka mitatu au minne; anayelipa muhula wa kwanza kwa mkopo wa mwezi mmoja hufika muhula wa pili akiwa anadaiwa kote. Hati ya shamba isiwekwe rehani kwa mkopeshaji wa mtaani kwa sababu ya karo ya mwaka mmoja. Nimeona shamba likienda na mtoto akarudi nyumbani vilevile.

Upande wa shambani, panga mauzo yafuate kalenda ya shule. Korosho na maembe huingiza fedha kuelekea mwisho wa mwaka, na fungu la mauzo hayo litengwe siku hiyohiyo kwenye akaunti isiyoguswa kwa urahisi. Mbuzi wauzwe wakiwa na afya, kabla ukame haujawakondesha na kabla kila mzazi hajapeleka wake soko la Mariakani wiki ile ile ya kufungua shule, maana siku hizo mnunuzi ndiye anayetaja bei. Mbuzi watatu waliouzwa Novemba wanaweza kuzaa fedha ambazo Januari zingehitaji wanne au watano.

Harambee ya ukoo bado ina nafasi yake, hasa kwa gharama za kuingia. Nashauri iwe ndogo, yenye orodha ya vitu: shangazi godoro, mjomba viatu, jirani ndoo na sabuni. Mtu hutoa kwa moyo mweupe anapojua kile alichokitoa.

Hatua ya sita: Zungumza na shule kabla mtoto hajarudishwa

Mtoto anayetumwa nyumbani kufuata karo hupoteza masomo, hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na hubeba aibu ambayo watu wazima huisahau upesi. Nauli hizo mbili au tatu kwa muhula, zikijumlishwa, mara nyingine hukaribia nusu ya deni lenyewe. Kwa hiyo usingoje arudishwe. Ikiwa mna sehemu tu ya karo, mzazi au mlezi afike kwa mwalimu mkuu siku ya kufungua au kabla yake, akiwa na fedha zilizopo zimeshalipwa benki, risiti mkononi, na barua fupi yenye ahadi ya tarehe na kiasi: tumelipa 12,000, tutaongeza 4,000 ifikapo mwisho wa Februari na 4,267 mwisho wa Machi, na tumeomba basari kama nakala hizi zinavyoonyesha. Barua ipokewe na mhasibu wa shule na nakala yake igongwe muhuri. Walimu wakuu wengi ni wazazi pia, na wanachokiogopa ni mtu anayenyamaza.

Uliza vilevile kama shule inapokea mazao. Zipo shule zinazochukua mahindi, maharage au kuni kwa bei ya soko na kuvihesabu kuwa karo. Mkikubaliana, mzigo upimwe mbele ya mzazi, bei iandikwe, na risiti itolewe siku hiyohiyo.

Malipo yote yapitie akaunti ya benki ya shule au nambari yake rasmi ya malipo, kamwe yasipitie simu ya mtu binafsi, hata akiwa mwalimu mnayemheshimu.

Hatua ya saba: Ifuate hundi mpaka iingie kwenye daftari la mtoto

Watu wengi husherehekea jina linapotoka kwenye orodha ya waliofaulu, wakalala. Kazi inayobaki ni muhimu kama ile iliyotangulia. Kwa kawaida ofisi huandika hundi moja kwa kila shule, ikiandamana na orodha ya wanafunzi na kiasi cha kila mmoja. Hundi ikifika na orodha ikapotea, au nambari ya usajili ikikosewa, fedha huingia kwenye akaunti ya shule bila kumfikia mtoto.

Hayo yalimpata mpwa wangu. Jina lake lilitoka mwezi wa Machi, na Mei akarudishwa nyumbani kwa deni. Shule yake ina jina linalofanana na la shule nyingine katika kaunti jirani, na kwenye fomu tulikuwa tumeandika jina fupi wanalolitumia watu. Hundi ilikwenda kule kwingine. Ilituchukua muhula mzima kuipata, na kilichotusaidia hatimaye ni vitu viwili: picha ya fomu tuliyoikabidhi, na nambari ya hundi ambayo karani wa ofisi alitupatia tulipoiomba kwa maandishi. Shule iliyoipokea iliangalia daftari lake, ikaona jina lisilo la mwanafunzi wake, ikaandika barua ya kurudisha fedha. Tungekuwa na nambari ile mwezi wa Machi, mtoto asingetoka darasani hata siku moja.

Kwa hiyo, jina likitoka, omba ofisini nambari ya hundi, tarehe na kiasi. Baada ya wiki mbili mpigie mhasibu wa shule umuulize kwa nambari hiyo. Ikiwa imefika, omba risiti yenye jina la mtoto. Zikija basari mbili zikazidi karo ya mwaka, hakikisheni ziada imeandikwa kuwa imesongezwa mbele kwa ajili ya mwaka unaofuata, na mzazi apewe maandishi.

Hatua ya nane: Anza tena Novemba

Basari nyingi huombwa upya kila mwaka, na aliyepata mwaka huu hana hakika ya mwakani. Shule zikifungwa, mtoto aje na ripoti yake, taarifa ya salio la karo, na mchanganuo mpya ikiwa umetolewa. Hizo tatu ziingie kwenye faili siku hiyohiyo, za zamani zisitupwe. Nakala za vitambulisho na barua ya chifu zifanywe upya, kwa kuwa ofisi nyingi hukataa barua ya mwaka uliopita. Pale ambapo msikiti, kanisa au mtu binafsi alisaidia, mtoto mwenyewe aandike barua ya shukrani kwa mkono wake, aambatishe nakala ya ripoti, na aipeleke likizo ya Desemba kabla ya kuomba tena.

Likizo hiyo nayo ndiyo ya kukagua sanduku: shuka zipi zimechanika, viatu vimebana au la, kufuli lingali na funguo zake mbili. Yaandikeni yale tu yanayohitaji kununuliwa, mpeane orodha na ndugu wengine walio mjini, na mnunue mapema kabla ya wiki ya mwisho ya likizo.